Kipupwe cha Songea na Datsun ya Baba

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba Tanzania kuna majira ya baridi, atakucheka. Akikuonea huruma atasema labda Makete, labda Lushoto. Lakini sisi tuliokulia Songea tunajua. Mwezi wa sita ukiingia, upepo unashuka kutoka milima ya Matogoro, majani yanakauka, na ikifika Julai mtu anatoka nje asubuhi kajifunga shuka juu ya sweta. Watoto wa shule wanapita Bombambili wakitoa moshi mdomoni kama wavuta sigara. Wauza chai pale stendi ndiyo wanavuna. Hicho ndicho kipupwe, wadau, na cha mwaka huu nimekipitisha nikiwa nimeinama juu ya injini, bisibisi mkononi, makamasi yananitoka.

Nyumbani kwetu kuna Datsun 1600 SSS. Wadogo zangu mliozoea IST na Noah, nipeni dakika moja. Ukiiona imesimama unaweza kudhani ni teksi ya zamani tu: milango minne, bodi la kibokisi, taa nne mbele. Lakini ndani mna injini ya L16 yenye ujazo wa sentimita 1,595 na kabureta mbili. Breki za mbele ni za diski, na nyuma kila tairi linacheza lenyewe bila kumsubiri mwenzake. Kwa barabara za mashimo na vumbi za wakati ule, hiyo ilikuwa dawa. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya East African Safari kwa gari la aina hii hii. Mwaka 1971 wakashinda tena, safari hiyo wakiwa na Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye akashinda na 240Z, halafu akaja kushinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, zote na magari ya kampuni hiyo hiyo. Kwa vijana wa Afrika Mashariki wa enzi hizo Datsun ilikuwa gari la mashujaa.

Baba alikuwa mmoja wa vijana hao. Alikuwa dereva wa malori, na aliinunua SSS yake Dar mwaka 1986 kutoka kwa mfanyabiashara aliyekuwa anahama nchi. Ilikuwa na mikwaruzo tayari. Akaipandisha Songea kwa barabara ya Makambako, ambayo ilikuwa imewekwa lami miaka hiyo ya 1980 kwa msaada wa Uingereza. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa, lakini safari ile naijua kwa moyo kwa jinsi ilivyosimuliwa: wapi alilala, wapi alikula, wapi mkanda wa feni ulikatika akafunga kwa soksi ndefu ya Mama. Miaka ile kulikuwa na shida ya mafuta, na Jumapili mchana magari binafsi yalikuwa yamezuiwa kutembea. Baba anasema Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kuiosha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Nyumba yetu inavuja. Bati za upande wa chumba cha Mama zimeoza, na masika yaliyopita tulikuwa tunapanga ndoo na sufuria kitandani. Mwezi Mei akapita mnunuzi wa vyuma chakavu, akaizunguka Datsun, akaigonga gonga kwa kidole, akataja laki sita. Laki sita ni bati kama 20. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye anayelisha nusu ya ukoo wetu kwa mshahara wa ualimu, akaitisha kikao cha familia. Kaka yetu wa Dar alishiriki kwa simu iliyowekwa spika juu ya meza.

"Baba, mimi gari silichukii," dada alisema. "Nimepelekwa nalo shule. Ila mvua ya Desemba haimsubiri fundi. Gari halitembei. Kila asubuhi watoto wa jirani wanalisukuma mpaka wanachelewa shule."

Alikuwa anasema kweli. Lilikuwa haliwaki asubuhi. Likiwaka linakohoa, linatoa moshi mweusi, linatembea mpaka Mfaranyaki linazima. Mafuta linakunywa kama lori. Mafundi wawili wa mjini walishakula hela zetu na wote walimaliza kwa neno moja: "Mzee, gari limechoka hili. Injini imekwisha."

Baba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nipeni mpaka Nane Nane."

"Lifanye nini, Baba?"

"Liende Njombe na kurudi. Bila kusukumwa. Likishindwa, muiteni mtu wenu wa vyuma."

Njombe ni zaidi ya kilomita 200 kutoka kwetu, na njiani kuna mlima wa Lukumburu ambao hata malori mapya yanaupanda kwa adabu. Dada akakubali. Nadhani alikubali kwa sababu aliona haiwezekani.

Ndugu zangu, kuna kitu sikukisema. Baba mikono yake inatetemeka siku hizi. Hawezi kushika skrubu ndogo. Kwa hiyo aliposema "nipeni", wote tulijua nani atashika spana. Mie ni mwandishi wa habari wa mkoani, nalipwa kwa habari iliyotoka, isipotoka sina kitu. Muda ninao, ujuzi sina. Nikaamua kulifanya gari kama ninavyofanya habari: naanza kwa kuuliza. Nani alikugusa mara ya mwisho? Lini? Alibadilisha nini? Kwa nini?

Jibu la kwanza lilikuwa chini ya kifuniko cha oili. Baba aliniambia nikifungue nitazame upande wa ndani. Kulikuwa na kitu cheupe, kizito, kama uji wa mtoto. "Hiyo ni maji na oili," akasema. "Ama gasketi imekatika, ama injini haipati joto. Maji ya rejeta yanapungua?" Hayapungui. "Basi gari linasikia baridi, mwanangu. Kama wewe."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania.

Tukafungua bomba la juu la rejeta, pale linapoingia kwenye injini. Ndani ya kile kichuma cha mdomo panatakiwa kukaa kitu kinaitwa thamostati. Ni kidude kidogo cha duara, katikati kina kibomba chenye nta. Injini ikiwa ya baridi nta imeganda, kidude kimeziba, maji yanazunguka ndani ya injini tu na kupata moto haraka. Yakifika nyuzi joto 82 hivi, nta inatanuka, inasukuma mlango, maji yanaruhusiwa kwenda rejeta kupoa. Ni bawabu wa injini. Kwetu hakuwepo. Palikuwa patupu.

Baba akakumbuka. Miaka mingi nyuma, wakiwa safarini kutoka Dar mwezi Februari, gari lilichemsha maji njiani. Fundi mmoja huko bondeni akang'oa thamostati akaitupa. "Mzee, hii ni ya Ulaya, huku kwetu joto haina kazi." Wangapi kati yenu mmeambiwa maneno hayo? Nimeuliza madereva wa hapa stendi, karibu kila mwenye gari la zamani ameng'olewa. Na kumbe kilichochemsha maji siku ile ilikuwa rejeta iliyojaa tope. Bawabu akafukuzwa kazi kwa kosa la jirani.

Dar pengine usingeona haraka, kwa sababu jua lenyewe linasaidia kupasha. Lakini Songea ipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai hakuna jua la kukusaidia. Maji yote ya rejeta yanapita kwenye injini tangu sekunde ya kwanza. Injini haifiki joto lake hata ukienda saa nzima. Petroli haigeuki mvuke vizuri, inalowanisha kuta za silinda, inasafisha oili iliyotakiwa kulainisha, inateremka chini na kuchanganyika nayo. Plagi zinajaa masizi. Dereva anavuta choki zaidi, petroli inazidi, masizi yanazidi. Halafu fundi anakwambia injini imekwisha. Haijaisha. Inakufa kwa homa ya baridi katika nchi ambayo wote wameapa hakuna baridi.

Haya, kazi ya kwanza ikawa kutafuta thamostati. Madukani mjini wakanicheka. Nikaipata kwenye gofu la pikapu ya Datsun lililolala nyuma ya gereji moja njia ya Peramiho, injini yake ni ya ukoo huo huo wa L. Mwenyewe akanipa bure kwa sharti nimwandikie barua ya maombi ya kazi ya kijana wake. Niliiandika vizuri sana.

Kidude cha makaburini lazima kipimwe. Tukaweka sufuria ya maji kwenye jiko la mkaa, tukaning'iniza thamostati kwa uzi isiguse chini, pembeni kipimajoto cha maabara nilichoazima kwa mwalimu wa sayansi. Mama akauliza tunapika nini. Baba akamjibu, "Bati." Maji yalipofika nyuzi 80 hakuna kitu. 82, 83, mlango ukaanza kufunguka taratibu kama jicho la mtu anayeamka. Tukaipua, ukajifunga. Mzima! Hapo nikajifunza na jingine: kwa mwinuko wetu maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta kikiwa kibovu, kikashindwa kushika presha, gari la huku linachemsha mapema kuliko la pwani. Kwa hiyo tukabadilisha na kifuniko. Na kabla ya yote tukaifungua rejeta yenyewe, tukaigeuza, tukaingiza mpira wa bomba upande wa chini na kuisukuma nyuma mbele. Lilitoka tope la nusu ndoo. Nina hakika lingine lilikuwa la mwaka 1986.

Kazi ya pili, kabureta. SSS inazo mbili, za mtindo wa SU. Juu ya kila moja kuna kama chupa ya chuma, ndani mna pistoni inayopanda na kushuka kulingana na unavyokanyaga mafuta. Ili isiruke ruke, katikati yake panawekwa oili kidogo, nyepesi, ya namba 20. Nilipofungua na kuchovya kijiti, kilichotoka kilikuwa oili ya gia. Mtu alikosa ile akaweka aliyokuwa nayo. Mchana wa joto pengine inapita, lakini saa 12 asubuhi ya kipupwe ile oili ilikuwa kama asali ya Tabora. Pistoni inachelewa kupanda inavyotakiwa. Nikafuta kwa kitambaa, nikaweka nyepesi. Gharama: kiasi cha kijiko cha chai, kila upande.

Halafu kuzipatanisha. Kabureta mbili ni kama wake wawili, Baba anasema, na Mama akisikia anaondoka jikoni. Lazima zivute hewa sawa. Gereji kubwa wana mashine ya kupimia. Sisi tulikata mpira wa bomba urefu wa mkono, mwisho mmoja kwenye mdomo wa kabureta, mwingine sikioni. Kila moja inatoa mlio wa shhhh. Ukizungusha skrubu mlio unapanda au unashuka. Baba alikaa kwenye kigoda, macho kafumba, mpira sikioni, mimi nazungusha. "Ongeza. Ongeza. Rudisha nusu. Hapo. Acha hapo hapo usipumue." Mikono inatetemeka lakini masikio yake, jamani, ni ya kijana wa miaka 20. Asubuhi ile, na baridi yote ile, nilitamani kazi isiishe.

Kazi ya tatu, umeme wa moto. Nikasafisha platini kwa msasa laini, nikapima pengo lake kwa fila, nusu milimita. Plagi nikazisugua kwa brashi ya waya, pengo milimita 0.8. Nikaongeza waya mnene wa ethi kutoka kwenye injini kwenda kwenye bodi, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umeoza na kuwa kijani. Hili la ethi msilidharau. Stata inayozunguka kivivu asubuhi si lazima betri mbovu. Nyumba yetu iko mtaa ambao kila mtu akikosa kuwasha gari anakimbilia kununua betri, na betri mpya inakuta waya ule ule.

Taa nazo. Kwenye magari haya umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya dereva, waya mrefu na mwembamba, ukifika mbele umechoka. Nikapima kwa mita: kwenye betri volti 12.6, kwenye taa 10.4. Nikachukua rilei mbili kutoka kwenye gari bovu, nikavuta waya mnene wenye fyuzi moja kwa moja toka betri, swichi ya zamani ikabaki kazi ya kutoa amri tu. Taa zikapata 12.2. Usiku ule jirani alitoka nje kuuliza kama kuna mgeni.

Kazi ya nne ni ya vumbi. Baridi yetu haina theluji wala mvua, ina vumbi. Raba za milango zilishakufa zamani, ukifika Mbinga unafanana na mwashi. Nikanunua mpira wa ndani wa tairi la lori lililochakaa, nikakata vipande virefu, nikabandika kwa solusheni ya viraka kuzunguka milango yote. Matundu ya sakafu niliziba kwa bati la debe la mafuta ya kula, nikalipiga ribiti na kulipaka lami chini. Ukiinua kapeti upande wa abiria bado unaona picha ya alizeti.

Kazi ya tano sikuwa nimeipanga. Nikiwa nimelala chini ya dashibodi nafuatilia waya, nikaona mabomba mawili ya mpira yamekatwa na kuunganishwa kwa kipande cha mrija. "Hiyo ni hita," Baba akasema. "Waliifunga siku hiyo hiyo waliyong'oa thamostati." Gari lenye hita, Songea, limekaa miaka bila hita! Nikaunganisha upya. Hita inaishi kwa maji moto ya injini, na injini isiyopata joto hata hita ingekuwepo isingefaa kitu. Vitu hivi vinategemeana.

Kuna rafiki yangu wa chumba cha habari alinicheka. Alisema ukitaka kuboresha gari la michezo weka rimu pana, ekzosi ya kupiga kelele, stika za mbio. Nikamkumbusha kisa cha Joginder Singh, Singasinga wa Kericho, fundi magari kwa kazi yake. Mwaka 1965 alishinda East African Safari pamoja na mdogo wake Jaswant wakiwa na Volvo PV544 iliyokwishatumika, mkono wa pili kama mitumba ya sokoni. Wenzake walikuwa na magari mapya ya viwanda. Alilijua gari lake kwa sababu alikuwa fundi. Hata Bert Shankland, aliyeshinda 1966 na 1967 akitokea hapa hapa Tanzania, alishinda na Peugeot 404, gari ambalo wengine walikuwa wanabebea familia. Mashindano yale hayakuwa ya nani ana mbio. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Aliyeshinda ni yule ambaye gari lake lilikuwa limeandaliwa kwa ajili ya matope, mawe na mito ya njia ile, wala si kwa ajili ya onyesho.

Wiki ya mwisho ya Julai tukaondoka, siku 10 kabla ya Nane Nane. Saa 11 na nusu alfajiri, giza bado, umande umeganda juu ya kioo. Nilivuta choki, nikageuza ufunguo. Lilizunguka mara mbili likawaka. Hakuna aliyesukuma. Watoto wa jirani waliokuwa wameshajipanga walisikitika kabisa.

Mbele mimi na Baba, nyuma Mama na dada. Dada alisema anakuja kama mwangalizi wa uchaguzi. Mshale wa joto ulipanda taratibu mpaka katikati, ukasimama hapo. Nikafungua hita. Kwanza ilitoka harufu ya panya na vumbi la miaka, halafu hewa ya moto. Mama akavua mtandio, akavua na sweta. Hakuna aliyesema kitu mpaka tukapita Gumbiro.

Lukumburu nilishusha gia mbili. Injini ikaimba. Baba hakuwa anaangalia barabara, alikuwa ameelekeza sikio mbele kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Kwenye kona moja akasema tu, "Usiibane," na mimi nikaiachia. Tulipita lori mbili. Njombe, karibu mita 2,000 juu, baridi yake ni ya kukata masikio. Tukanywa chai, tukala viazi, tukanunua kabichi, tukarudi. Zaidi ya kilomita 400 siku moja. Nilipopima, lilikuwa limetumia lita moja kwa kilomita 10 na nusu. Mwezi Mei lilikuwa haliendi 7. Kesho yake nikafungua kifuniko cha oili. Kisafi, wala uji hakuna.

Hapa msidhani kila mtu alipiga makofi hadithi ikaisha. Bati bado zimeoza. Dada yangu alisema, na ana haki, kwamba gari zima haliezeki nyumba. Kikao cha pili kilikuwa kigumu kuliko cha kwanza, kwa sababu sasa tulikuwa na kitu cha kupoteza. Kaka wa Dar akasema kwenye simu tuliuze kwa mtu anayependa magari ya kale, maana tangu 2003 kuna yale mashindano ya East African Safari Classic ya magari ya zamani, na Datsun zinatafutwa. Baba hakujibu. Mama ndiye aliyejibu, na katika kikao kizima alisema sentensi moja: "Mimi nililowa masika yaliyopita, na ndani ya gari hili nimepata joto."

Dada akatoa hukumu. Gari libaki, ila lilete bati. Harusi za Songea ni nyingi kuanzia Agosti, mavuno yakishauzwa, na watu wamechoka kupanda Noah ile ile kila Jumamosi. Mpaka naandika haya, Datsun imebeba maharusi watatu, mmoja mpaka Peramiho. Bati 14 zimelala ukumbini, bado sita. Desemba iko karibu, na mie kila wingu likijikusanya juu ya Matogoro nahesabu. Kama hazitatimia, upande wa chumba cha Mama ndio utaezekwa kwanza. Hilo tumekubaliana.

Nikitafakari mambo haya naona jinsi tunavyopenda kupokea ushauri uliotengenezwa kwa ajili ya mahali pengine. Kampuni ya Nissan yenyewe iliacha jina la Datsun miaka ya 1980, ikalifufua mwaka 2013 hivi, ikaliua tena mwaka 2022. Hilo ni lao. Lakini gari hili halikuuawa na Japani, wala halikuuawa na uzee. Lilikuwa linauawa na sentensi moja, "huku kwetu joto", iliyosemwa na mtu aliyekuwa bondeni kuhusu gari lililokuwa linakwenda mlimani. Hata kwenye kazi yangu naiona. Mhariri ananipigia mwezi wa saba anataka habari ya wananchi wakikimbilia ufukweni kwa joto. Ufukwe upi, bwana? Huku watu wanaota moto.

Kwa hiyo wewe mwenye gari la zamani uliye Songea, Njombe, Mbeya, Lushoto, hata Arusha na Bukoba: kesho asubuhi kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha oili utazame upande wa ndani. Ukikuta uji mweupe, na maji ya rejeta hayapungui, usikubali haraka kwamba injini imekwisha. Muulize fundi wako swali moja tu, kwa adabu: "Thamostati yangu iko wapi?" Akicheka, tafuta sufuria.

Na kama una mzee nyumbani ambaye mikono inatetemeka, mpe mpira wa bomba aweke sikioni. Wewe zungusha skrubu.

Alamsiki, wadau. Nakwenda kufunika Datsun, usiku huu kuna umande.